Mashini ya zamani inajizimia ovyo? Kataa kuformati, angalia kwanza kuran (umeme) na vumbi

Kama uko na kompyuta ya mezani ya okazi (iliyokwisha kutumika), zile Core 2 Duo ama i3 za kwanza kwanza, na imeanza kujizimia na kuwaka yenyewe wakati uko katikati ya kazi, najua kile fundi wa kwanza atakuambia: Windows imeharibika, leta tuformati, yaani tufute diski yote na tuweke Windows upya. Ndugu yangu, kataa kwanza. Mi niko na ka-biro kadogo hapa Katindo, Goma, tunaandikia wanafunzi TFC (kazi yao ya kumaliza masomo) na kufotokopi, na nimeona watu wanalia mbele yangu kabisa. Mtu TFC yake yote iko Desktop, fundi anaformati, kesho yake mashini inaendelea kujizimia vile vile ju shida haikuwa kwa Windows hata kidogo. Hiyo inaniuma sana, njo maana nimeandika hii.

Kitu cha kwanza, kabla ya kufungua hata skrubu moja, kopi kazi zako. Weka kwa flashi, na kama ni kazi ya mtu jitumie pia kwa email, ju flashi nazo zinapotea. Mashini inayojizimia inaweza kukataa kuwaka kesho asubuhi, na diski yenye inakatiwa umeme wakati inaandika inaharibu mafaili polepole bila wewe kujua.

Sasa angalia vizuri namna inakufa. Watu wanasema tu "inazima" kumbe kuna vifo tofauti. Kuna ile ya kukatika ta! skrini nyeusi mara moja, hakuna ujumbe wowote, kisha inawaka yenyewe ama inabaki kimya. Kuna ile skrini inakuwa ya bluu na maandishi kidogo halafu inaanza upya. Na kuna ile kila kitu kinaganda, mshale wa mausi hautembei, sauti inarudia rudia, na wewe mwenyewe njo unazima na kidole. Ya kukatika ta, shuku umeme, joto ama pawa saplai (lile boksi la ndani lenye linagawia mashini umeme). Ya bluu, shuku ramu (kumbukumbu ya muda ya mashini), diski ama draiva (programu ndogo yenye inaendesha kifaa). Ya kuganda mara nyingi ni diski, lakini pia joto ama ramu, hapo si rahisi kusema mara moja.

Shida ni kwamba Windows imepangwa ijiwashe upya haraka baada ya skrini ya bluu, kwa hiyo ya bluu inaweza kupita mbio ukafikiri ni ya kukatika. Ondoa huo mpango. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia kwa sehemu ya mipangilio ya juu, halafu kile kisanduku cha kuwaka na kurudisha mfumo (kwa Windows ya Kifaransa ni Démarrage et récupération), utoe alama pale kwa Redémarrer automatiquement. Siku ingine ikifika bluu itabaki hapo, piga picha na simu. Namba kama 0x124 inaongea juu ya vifaa vyenyewe, 0x1A na 0x50 mara nyingi ni ramu, 0x7A ni diski ama waya wake.

Na kama hakuna bluu, andika eventvwr.msc kwa ile ile sehemu ya R, fungua kumbukumbu za System, tafuta Kernel-Power namba 41. Watu wanaona hiyo 41 wanaogopa, lakini yenyewe inasema tu mashini ilizimika bila kuaga. Ifungue ndani, angalia BugcheckCode. Ikiwa 0, maanake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, umeme ulikatika chini ya miguu yake ama mashini iliganda kabisa. Hapo kuformati ni kupoteza siku yako bure.

Sasa kuja kwa jambo lenye lilitupatia jibu sisi, na halikuwa programu. Ilikuwa daftari. Nilimwambia mdogo wangu mwenye anafanya na mimi kwamba kila mara mashini inazima aandike saa, kile alikuwa anafanya, na kile kilitokea ndani ya nyumba. Siku tatu za kwanza hatukuelewa kitu. Siku ya nne ananiita, mimi mkubwa wake, "Yaya, kuja usikie." Nikasimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara kuna fundi wa kuchomea milango ya vyuma, akigusisha tu fimbo yake kwa chuma, taa yetu inafifia kidogo, stabilizateri (kifaa cha kusawazisha umeme) inalia tak-tak, na mashini ya zamani inaanguka. Mashini yetu ingine, mpya, yenye iko kwa miltiprizi ile ile (ule waya wa matundu mengi), inaendelea kama hakuna kitu. Tukarudi kwa daftari: asubuhi yote na saa nane mchana, zile saa zenye huyu jirani anafanya kazi. Jumapili, hakuna hata mara moja.

Kwa nini moja inaanguka na ingine inabaki? Hapa njo sehemu mafundi wengi hawaelezi watu. Ndani ya pawa saplai (hapa wanaita alimantasio) kuna kapasita kubwa zinazoweka akiba ya umeme kidogo, kama vile bidoni ya maji unaweka nyumbani kwa sababu robine inaweza kukauka. Pawa saplai nzuri inaweza kushika mashini karibu milisekunde 16 bila umeme kuingia. Umeme wetu ni wa 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde), mzunguko mmoja ni milisekunde 20, kwa hiyo ni karibu mzunguko mmoja tu. Kapasita zikizeeka, ile bidoni inakuwa ndogo kila mwaka, na ule mshtuko mdogo wenye zamani ulikuwa unapita bila wewe kujua sasa unaangusha mashini. Ni umeme mbaya pamoja na uzee, vyote viwili, njo maana mwenye kuuza atakuambia mashini ni nzima, na kwake kweli inafanya kazi siku nzima.

Kwa hiyo anza kwa ukuta. Chomoa miltiprizi, angalia matundu kama yamekuwa meusi ama plastiki imeyeyuka kidogo, shika waya baada ya saa moja ya kazi usikie kama inapata moto. Miltiprizi za bei ya chini zinalegea ndani, ukigusa na mguu tu umeme unaruka. Peleka mashini moja kwa moja kwa prizi ya ukuta siku mbili uone. Usiweke imprimante ya lazeri ama fotokopi kwa laini moja na kompyuta, ile ya lazeri kila ikipasha moto inavuta umeme mwingi ghafla. Angalia pia nyuma ya pawa saplai, kuna zingine zina ka-swichi kekundu ka 115 na 230, kwetu inapaswa kuwa 230, usikaguse kabisa mashini ikiwa imechomekwa.

Stabilizateri ni nzuri kwa umeme unaopanda na kushuka polepole, lakini haina akiba. Inabadilisha kwa kurusha swichi ndogo ndani, ile tak-tak unayosikia, na kwa mashini mzee ule mruko wenyewe unaweza kutosha kuiangusha. Chenye kinasaidia ni onduleri (UPS, kifaa chenye kinashika mashini na batri umeme ukikatika) yenye batri nzima. Batri zake za 12 V 7 Ah zinachoka baada ya miaka mitatu minne, na kwa sisi wenye umeme unakatika mara nyingi zinachoka mapema zaidi, kwa hiyo onduleri ya okazi ijaribu kabla ya kulipa: chomeka taa na mashini, vuta waya wa ukuta, hesabu dakika. Kitu kingine cha kujua, onduleri za bei ndogo zinatoa umeme wa mawimbi ya kukatwa katwa, na pawa saplai zingine za kisasa hazipendi hiyo, zinazima pale pale onduleri inaingia kwa batri. Ukiona mashini inaanguka kila onduleri inalia bip, si lazima batri iwe mbaya, inaweza kuwa hiyo. Na tere, ule waya wa ardhini, nyumba nyingi hapa hauko. Ukigusa boksi la chuma ukasikia ka-mtetemo kwa vidole, ita fundi wa umeme aangalie tere kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishamaliza kwa ukuta, ingia kwa vumbi. Sisi wa Goma tunajua vumbi letu. Mji umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ya Mei 2021 ikaja tena upande wa Buhene, na barabara nyingi za mitaa ni lava iliyosagwa na matairi. Ni vumbi jeusi, laini, linaingia kila pahali, na likikutana na unyevu wa ziwa linashikana. Tena tuko karibu mita 1,500 juu, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, feni inasukuma hewa kidogo zaidi kwa mzunguko ule ule, kwa hiyo vumbi lenye mashini ya Mombasa ingevumilia kidogo hapa linaumiza mapema.

Zima, chomoa waya wa ukuta, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi ili umeme uliobaki utoke. Toa mashini nje, si ndani ya nyumba. Fungua ubavu, gusa chuma cha boksi kwanza ili umeme wa mwili wako utoke, halafu angalia feni ya CPU (ile chipu kubwa yenye inafanya hesabu zote za mashini). Mara ya kwanza nilifungua yetu, kwa juu feni ilionekana sawa, chafu kidogo tu. Nikatoa skrubu za feni, nikainua, na chini yake, kati ya feni na mabati ya kupozea, kulikuwa na blanketi ya vumbi nene kama sponji ya kuoshea sahani, imetoka nzima mkononi. Ile feni ilikuwa inazunguka bure kabisa, hewa haipiti. Kwa hiyo usiridhike na kupiga brashi juu juu, inua feni.

Tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu, pamoja na pampu ya mkono. Wengi wanapeleka kwa wale wa kujaza matairi ya pikipiki, inawezekana, lakini kompresa inakusanya maji ndani, mwambie afungue valvu maji yatoke kwanza, na mukae mbali na karte (kartemeri, ile bodi kubwa ya ndani yenye vitu vyote vinachomekwa), upepo wa karibu unang'oa vitu vidogo. Shika feni na kidole isizunguke wakati unapuliza. Pawa saplai ipulize kupitia matundu yake tu, USIIFUNGUE, ndani kuna kapasita zenye zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa, hiyo inaua mtu.

Kama mashini iko na zaidi ya miaka mitano sita na haijawahi kufunguliwa, pasta ya kati ya CPU na mabati imekauka kama chokaa. Toa mabati, futa pasta ya zamani na kitambaa na alkoli ya farmasi yenye asilimia 90 ama zaidi, acha ikauke, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati. Si dawa ya meno, nimekuta dawa ya meno kwa CPU ya mtu, inafanya kazi siku kidogo halafu inakauka na kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Kwa Intel za zile miaka, mabati yanashikwa na vipini vinne vya plastiki: vibonyeze kwa kuvukana, kimoja cha pembe hii kisha cha pembe ya upande mwingine, mpaka kila kimoja kilie ka, halafu angalia nyuma ya karte kama vyote vimetokeza. Kimoja kikiwa kimelegea joto litapanda kama zamani. Kwa AMD za zamani, washa mashini dakika kumi kwanza pasta ipate moto, zima na chomoa, kisha zungusha mabati kidogo kidogo kushoto kulia kabla ya kuinua, la sivyo CPU inang'oka pamoja nayo na miguu inapinda.

Ukirudisha, weka programu ya HWMonitor usome joto. Ikiwa imekaa tu bila kazi, digrii 35 mpaka 50 ni sawa. Ipe kazi nzito nusu saa, ikibaki chini ya 80 lala salama, ikipita 90 na kuendelea kupanda CPU itajizima yenyewe ili isiungue.

Bado inaanguka? Kuja kwa ramu, hii ni ya haraka. Toa bareti zote (vile vibao virefu vya ramu), futa meno yake ya rangi ya dhahabu na kifutio cheupe cha penseli, polepole, puliza unga wa kifutio, rudisha mpaka vishikio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Nashangaa kila mara ni mashini ngapi zinapona hapo tu. Isipopona, tumia bareti moja moja, siku moja kwa kila moja, na ujaribu na MemTest86+, programu ya kupima ramu, kutoka kwa flashi usiku mzima. Kosa MOJA tu ni mbaya, hakuna kosa dogo kwa ramu. Ukinunua ingine jua kama ni DDR2 ama DDR3, haziingiliani.

Kuna kitu cha kijinga chenye watu hawafikirii: kitufe cha kuwasha na cha kurudisha pale mbele. Kikijaa vumbi ama soda kinakwama na kujibonyeza chenyewe. Fuata nyaya zake mpaka kwa karte, chomoa ile imeandikwa RESET SW, fanya kazi bila hiyo wiki nzima. Ikitulia umepata, na hujatoa hata franga moja.

Pawa saplai yenyewe sasa. Angalia kwanza kapasita za kartemeri, vile vimikebe vidogo karibu na CPU. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa kama mfuniko wa kopo. Kikivimba juu, ama kikitoa kitu cha kahawia, amekufa huyo, na mashini nyingi za kati ya 2002 na 2007 zilikuwa na hiyo shida kwa sababu zilitengenezwa na kapasita mbaya. Fundi wa redio mzuri anaweza kubadilisha, tafuta yule mwenye anafanya polepole. Kwa pawa saplai, ukiwa na maltimita pima kwa soketi ya diski wakati mashini inafanya kazi nzito: waya wa njano na mweusi upate volti kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Ikishuka chini wakati wa kazi, badilisha. Lakini ikisoma vizuri bado haijatoka kwa mashaka, ju maltimita haioni ule mruko wa milisekunde. Jaribio la kweli ni kuazima ingine nzima kwa rafiki kwa siku mbili. Sisi hivyo njo tulifanya, fundi wa vyuma akaendelea na milango yake, taa ikaendelea kufifia, na mashini haikuanguka tena. Na ukienda kununua, pima kwa mkono: ile nyepesi kama boksi tupu yenye imeandikwa wati 600, iache pale pale.

Diski, usikawie. Weka CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski, angalia mistari ya 05, C5 na C6 yenye inahesabu sehemu mbovu. Ikiwa na hesabu inayopanda, kopi kila kitu LEO kabla ya kufanya chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), ju chkdsk inaikimbiza diski yote na yenye inakufa inaweza kumalizikia hapo hapo.

Windows nimeiacha mwisho makusudi. Kama kuanguka kulianza baada ya kuweka draiva ama programu fulani, itoe. Endesha sfc /scannow, amri yenye inakagua mafaili ya Windows yenyewe. Na kabla hujakubali kuformati, weka Linux Mint, mfumo mwingine usio Windows, kwa flashi, washa mashini kutoka kwa flashi bila kuiinstol, fungua video siku nzima. Ikianguka hata kwa Linux, Windows haina kosa. Ikitulia siku mbili na kwa Windows inaanguka, basi hapo sawa, formati, na mafaili tayari yako pahali salama.

Fanya kitu kimoja kwa mara moja, usibadilishe ramu na pawa saplai siku moja, hutajua nini kilikuponyesha. Batri ndogo ya CR2032 yenye iko kwa kartemeri badilisha tu ukiona tarehe inarudi nyuma kila asubuhi. Yenyewe kwa kawaida haiangushi mashini, lakini ikikufa inaweza kusahaulisha BIOS (programu ndogo ya kartemeri yenye inawasha mashini) namna ya kusoma diski na ukapata bluu ya 0x7B wakati wa kuwaka.

Na kama umefika hapa, umeme ni mzuri, hakuna vumbi, ramu ni safi, pawa saplai ni ya kuazima na bado inakatika ta, ni kartemeri. Usilipie mtu kuitengeneza mara ya tatu. Toa ramu, itauzika. Toa diski: ina nyaya mbili tu, nyembamba ya data na pana ya umeme, vuta zote mbili, chomeka kwa mashini ingine yoyote yenye soketi kama hizo, subiri dakika moja, fungua ile diski mpya yenye imetokea, ingia kwa Users, na TFC ya mtu itakuwa pale pale aliiacha.